Asali Yangu Haina Dawa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza rasmi. Wacheke wanavyotaka. Mtaa mzima unaniita Miradi, eti kwa sababu kila mwezi naanzisha jambo jipya. Wanadhani wananitukana. Mtu asiye na mradi ni nani? Ni mtu aliyekaa tu!

Mizinga yangu miwili iko juu ya ukuta wa nyuma tangu Septemba. Leo nimefungua wa kwanza. Nimeumwa mara kumi na moja, mara moja ndani ya sikio. Mke wangu, badala ya kunipa pole, alifunga madirisha yote nikiwa bado nje. Anasema mle ndani kuna magauni ya wateja. Yeye ni mshonaji. Cherehani yake imekaa sebuleni inaheshimiwa, mimi mume nasubiri kibarazani na sikio limevimba. Haya.

Lakini asali imepatikana! Ndoo nzima na robo. Nyeusi kidogo, na mwishoni ina uchungu wa mbali. Uchungu ni dalili ya ubora, kila mtu anajua. Nilionja vijiko vitatu, kichwa kikazunguka na koo likakauka. Jua lilikuwa kali.

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Hawa nyuki wanakula wapi? Nikawafuata kwa macho, kisha kwa miguu. Wanavuka barabara na kuingia kwenye uwanja wa kile kiwanda cha sabuni kilichofungwa. Humo kuna kichaka kikubwa cha majani mapana na maua meupe marefu kama tarumbeta. Mbuzi wanapita hawagusi. Watu wanapita hawachumi. Mali imelala tu, mwaka baada ya mwaka!

Nikawaza hivi: nyuki ni mdudu mwenye akili kuliko watu wengi ninaowajua, wakiwemo mashemeji. Hawezi kwenda penye ubaya. Ua linalomfaa nyuki, jani lake lazima limfae binadamu. Basi asali nitauza, na majani ya mmea uleule nitayakausha yawe chai. Nani mwingine kaliwaza hili? Hakuna. Nimejaza magunia mawili nikarudi nyumbani nikiimba.

Jumatano, 5 Machi

Majani yamekauka juu ya bati kwa siku mbili tu. Nimeyasaga nikayachanganya na mchaichai na maganda ya machungwa. Vipimo siandiki, hata humu. Ni siri ya kampuni. Kampuni ni mimi.

Mke wangu kauliza lile jani linaitwaje. Nikamwambia jina si muhimu. Akasema hata mbwa wa jirani ana jina. Kubishana na mtu aliyeshika mkasi si busara.

Mchana nikaandika lebo: ASALI NA CHAI YA ASILI. HAINA DAWA. Nikampelekea baba mkwe aione. Yeye anaishi nasi chumba cha nyuma tangu mama mkwe afariki. Alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, miaka thelathini na moja, na mpaka leo kalamu nyekundu haitoki mfuko wa shati. Magoti yamemchakaa, anatembelea fimbo. Ndiye mtu pekee katika ukoo ule anayeniita mwanangu. Wengine wananiita "yule".

Alisoma lebo, akavua miwani, akaivaa tena, akacheka mpaka akakohoa. Akasema neno dawa lina sura mbili. Mmoja ataelewa asali haikutiwa kemikali, mwingine ataelewa haiponyi kitu. Akaniambia neno moja la namna hiyo liliwahi kuwafanya wachape upya gazeti zima. Nikamwambia baba, wateja wangu si watoto. Akasema sawa mwanangu, ila hapo baada ya "chai" ungeweka mkato. Nikaukubali mkato wake ili asijisikie vibaya. Maneno ya lebo sikuyabadilisha.

Alhamisi, 6 Machi

Ulimwengu huu hauna shukrani!

Nimepanga chupa kumi na mbili na pakiti ishirini mezani mbele ya geti. Mteja wa kwanza alikuwa fundi viatu wa pale kona. Akasoma lebo polepole, kidole juu ya kila herufi. Akauliza, kama haina dawa, ya nini sasa? Yeye ana mgongo. Chai isiyo na dawa anayo nyumbani kwake. Nikamweleza kwamba dawa hapa maana yake ni kemikali. Akasema basi ningeandika kemikali, akaenda zake.

Nikasema liwalo na liwe. Nikachukua kalamu, nikafuta HAINA, nikaandika INA. Dakika kumi baadaye akaja mama wa duka la nafaka. Akaisoma, akairudisha mezani kama imemchoma. Ina dawa? Hapana, asante. Yeye anatafuta kitu cha asili, madawa yamemchosha.

Nilitaka kulia. Watu hawahawa, mtaa huuhuu, neno hilihili!

Lakini hawaniiti Miradi bure. Jioni nimeandika lebo za aina mbili. Upande wa kushoto wa meza: HAINA DAWA. Upande wa kulia: INA DAWA. Sufuria moja, ndoo moja. Kila mtu achague imani yake. Kabla jua halijazama nilikuwa nimeuza chupa nne na pakiti saba. Fundi viatu alirudi akachukua ya kulia. Mama wa nafaka akachukua ya kushoto, akanisifu kwa uaminifu wangu.

Baba mkwe naye kajitolea kuwa shahidi. Kila asubuhi atakunywa kikombe kwa ajili ya magoti, halafu watu wamsikie mwenyewe. Kipimo: kibana kimoja cha vidole vitatu. Amesema ni chungu. Nikamwambia hivyo ndivyo inavyofanya kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji amekuja. Huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu. Ana duka la dawa barabara kuu na koti jeupe ambalo analivaa hata harusini. Hakualikwa. Kasikia tu kwamba baba yake anakunywa kitu changu, akafunga duka mchana kweupe akaja kunusa.

Akatia pua kwenye pakiti. Akasugua majani kiganjani. Akaniuliza ni jani gani. Nikasema ni la asili. Akasema hakuuliza kabila lake, kauliza jina. Basi akanisomea hotuba, nimesimama kwangu, juu ya saruji yangu mwenyewe!

Eti mmea hauna miguu ya kukimbia wala pembe za kupigana, kwa hiyo wengine hujilinda kwa sumu. Eti kuna majani yanayompanda mtu kichwani saa ileile, na kuna mengine yanayokula ini polepole, miezi na miezi, hayana harufu, hayana ladha, unakunywa huku unajisifu. Eti hata nyuki anaweza kubeba sumu ya ua akaiweka kwenye asali, na yeye mwenyewe asidhurike. Kwa hiyo nyuki kuwa mzima si ushahidi wa kitu.

Nikamwambia kitu cha asili hakiwezi kumdhuru mtu. Akasema nyoka naye ni wa asili.

Jibu nimelipata sasa hivi, saa tatu baadaye, wakati yeye keshaondoka: nyoka hanywewi! Ningekuwa nimemmaliza.

Wivu, hakuna kingine. Anauza vidonge vya rangi ya waridi ambavyo hata yeye hajui vimetoka shamba gani. Anataka kujua jani langu ili kesho alipange kwenye kabati lake la vioo. Jina la jani hatalipata hata kwa mnada. Alimkataza baba yake kunywa. Mzee akamjibu taratibu kwamba amekunywa chai za watu wengi wabaya, hatashindwa na ya mtu mwema. Nilijisikia mrefu siku nzima.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeingiliwa na serikali!

Bibi afya wa mtaa amekuja na daftari na kalamu imening'inia shingoni kwa uzi. Mwanamke mfupi, mpole, hapandishi sauti. Hao ndio wabaya zaidi. Akachukua chupa ya kulia akasoma: INA DAWA. Akauliza dawa gani. Nikasema ya kuponya. Akauliza kibali cha kuuza dawa kiko wapi. Nikaona mtego, nikamwambia haraka kwamba kwa kweli haina dawa. Akachukua ya kushoto akaiweka kando ya mwenzake. Akaziangalia mbele ya jua, rangi moja, povu moja. Akauliza kama zimetoka chombo kimoja.

Hapo nilikohoa kwa muda mrefu kiasi.

Akaandika ukurasa mzima. Akauliza mmea gani. Nikasema siri ya kampuni. Akaandika na hilo. Akaniambia jambo lilelile la shemeji, la nyuki na sumu ya maua, mpaka nikajiuliza kama hawa wawili hawali sahani moja. Akabeba chupa moja na pakiti moja kwenda maabara. Hakulipa! Mimi nikichukua chupa dukani bila kulipa naitwa mwizi, yeye anaitwa sampuli.

Amri yake: nisiuze wala nisimpe mtu yeyote chochote mpaka majibu yatoke. Atarudi Jumatatu adhuhuri. Nikamwambia vizuri sana, Jumatatu atakuta ushahidi unaotembea kwa miguu yake. Akauliza ushahidi gani. Nikasema atauona.

Kuuza nimeacha, mimi ni raia mtii. Lakini baba mkwe si mtu yeyote. Ni familia.

Jumapili, 9 Machi

Maandalizi. Mpango ni mwepesi: Jumatatu adhuhuri Bibi afya anafika getini, baba mkwe anatoka chumbani bila fimbo, anatembea mpaka getini, anampa mkono. Hapo karatasi za maabara zitasema nini?

Tatizo ni kwamba magoti bado. Nimempandishia kipimo, vibana viwili asubuhi na viwili mchana. Dalili nzuri zimeanza kuonekana. Mdomo umemkauka kabisa, ulimi unagonga kama mbao. Ni maji mabaya yanatoka mwilini. Mboni za macho zimekuwa kubwa na nyeusi kama za kijana. Tatizo moja tu, hawezi kusoma gazeti, anasema herufi zinaelea. Magazeti ya siku hizi yanachapwa vibaya, mwenyewe amekuwa akilalamika miaka yote.

Mke wangu kamwangalia baba yake wakati wa chakula, akaniangalia mimi, akasema mzee hayuko sawa. Nikasema amechangamka. Akasema kuchangamka na kuchanganyikiwa si kitu kimoja. Kanuna mpaka sasa.

Nilipompelekea maji mzee, akanishika mkono. Akaniambia ukweli magoti hayajabadilika, lakini kesho atajikaza, atatembea hata kama yanauma, kwa sababu hataki waniaibishe mbele ya watu. Nikamwambia baba, kesho hutahitaji kujikaza. Nitatia konzi nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Nitaandika kila kitu, kwa mpangilio, ili siku wakija kunilaumu niwe na kumbukumbu zangu.

Saa tano nilimpa kikombe. Konzi nzima, imechemka mpaka ikawa nyeusi, na vijiko vinne vya asali juu yake. Akanywa mpaka tone la mwisho amekunja uso. Akasema, kwa ajili yako, mwanangu.

Kabla ya saa sita akaanza kusahihisha kitambaa cha meza. Alikuwa anazungusha maua ya kitambaa kwa kalamu nyekundu, akiandika pembeni "futa", "futa", "rudia". Uso ulikuwa mwekundu. Nilimgusa, ngozi ilikuwa ya moto na kavu kama pasi. Mke wangu akaja mbio. Mzee akamtazama binti yake wa kumzaa, akauliza nani kaliruhusu kosa hili la chapa liingie ukurasa wa kwanza.

Niseme kweli, kwanza nilikasirika. Mgeni anafika dakika yoyote na yeye anaanza vituko!

Bibi afya akagonga geti. Na baba mkwe akainuka. Bila fimbo! Akatoka chumbani, akavuka ua, miguu inapepesuka, akaenda moja kwa moja. Nikapiga kelele kwa furaha, ona, ona, anatembea! Bibi afya hakuona magoti. Aliona macho. Mzee akampita kama hayupo, akaupa mkono mhimili wa geti, akausalimia shikamoo, akauliza habari za mke wake. Marehemu mke wake. Halafu akaanguka.

Bibi afya ndiye aliyesimamisha gari. Mimi nilikuwa nimeshika fimbo tu, sijui niipeleke wapi.

Hospitalini moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kiasi kwamba muuguzi alihesabu, akaacha, akahesabu upya. Daktari akauliza mzee kanywa nini. Anahitaji kujua sasa hivi, maana homa na kuweweseka huku kunaweza kuwa ugonjwa wa ubongo, na kama ni hivyo anamchoma sindano ya uti wa mgongo, na kama ni sumu matibabu ni mengine. Nikasema mchaichai. Akasema na nini. Nikasema maganda ya machungwa. Akasema na nini. Nikafungua mdomo. Na wakati huohuo akaingia shemeji na koti lake jeupe.

Nikaufunga.

Naiandika aibu hii kwa sababu hakuna atakayesoma. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro kumi. Niliwaza: akisikia, kesho jani langu linauzwa kwake. Niliendelea kuwaza hivyo. Shemeji akanishika ukosi, nikamwambia kwanza atoke nje ya chumba. Akatoka. Nikasema atoke nje ya jengo. Ile saa ilikuwa imefika saa nane na dakika tano.

Mke wangu akaja akasimama mbele yangu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema ukoo wote ulikukataa, huyu peke yake ndiye aliyesema mpeni binti yangu. Akasema, mchuma janga hula na wa kwao. Akarudi kukaa karibu na kitanda.

Nikamwambia daktari kila kitu. Kichaka, kiwanda cha sabuni, maua marefu meupe, konzi nzima. Daktari hakuwa anajua uwanja ule, akataka aone tawi. Nilikimbia. Mtu wa miaka arobaini na nane, kandambili moja imekatika, nikakimbia kwenda na kurudi. Bibi afya alilitambua tawi nikiwa bado mlangoni. Mnanaha, akasema. Jani, ua, mbegu, vyote sumu. Sindano ya uti wa mgongo ikarudishwa kwenye trei yake, wakamtundikia dripu na dawa ya kumtuliza.

Nimelia chooni. Nikimpoteza huyu mzee nitakuwa nimempoteza mtu pekee aliyewahi kusoma lebo zangu mpaka mwisho.

Jumanne, 11 Machi

Bado hajanijua. Amelala chali, vidole vinachuma hewani, vinaokota kitu kidogo, vinakiweka pembeni. Muuguzi anadhani anafukuza nzi. Mimi nimekaa naye miaka kumi, najua. Anaondoa mikato.

Daktari anasema moyo umeanza kupungua mbio lakini mzee ni mzee, hawezi kuahidi kitu mpaka kesho. Nimekaa tangu alfajiri. Shemeji amekaa upande wa pili wa kitanda. Amenipitishia chupa ya maji bila kunitazama, nikaikubali bila kumshukuru.

Huko nyumbani wamenimaliza. Bibi afya alikwenda na watu wawili wenye glavu. Wamechukua magunia, chupa, ndoo, hata sufuria! Wamepita nyumba kwa nyumba kukusanya zilizouzwa. Fundi viatu alikuwa ametapika Jumamosi akadhani ni maharagwe. Mama wa nafaka alishindwa kusoma mizani siku mbili. Wamepona wote. Na majibu ya maabara yametoka: asali nayo ina sumu ileile, kidogo, kutoka kwa maua yale. Bibi afya alipoleta habari hizi hapa hospitalini, nilimuuliza kama nyuki watashtakiwa pia au ni mimi tu. Hakucheka.

Alhamisi, 13 Machi

Amenijua!

Saa nne asubuhi alifungua macho, akatazama dari, akanitazama mimi, akaomba kalamu. Muuguzi akampa ile ya kuandikia halijoto. Mzee akachukua fomu iliyokuwa kitandani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasahihisha "mgojwa" kuwa "mgonjwa". Mke wangu akaangua kilio. Shemeji akageukia dirisha akawa anasafisha miwani muda mrefu. Mimi nikapiga magoti nikashika miguu ya mzee, nikasema nisamehe baba.

Akaweka mkono kichwani pangu. Akauliza kwani kile kikombe kilikuwa na dawa au hakikuwa na dawa. Shemeji akacheka kabla hajajizuia. Nami nikacheka, huku machozi yananitoka.

Daktari alipita. Hakuniuliza hata swali moja kuhusu namna nilivyokausha yale majani kwa siku mbili tu. Watu hawa hawana udadisi.

Jumapili, 16 Machi

Mzee yuko nyumbani. Mdhaifu, hana hamu ya chakula, lakini anasoma gazeti lake na kulilaani.

Mchana aliniita, mbele ya mke wangu na shemeji. Akasema hana kinyongo, ila ana ombi moja. Alikuwa ameliandika mwenyewe kwenye karatasi safi. Niape kwalo. Likasema: Sitachuma, sitakausha, sitachemsha wala sitampa mtu yeyote jani, ua, mbegu, mzizi wala asali, maadamu niko hai.

Aliisoma karatasi mara tatu kwa kalamu mkononi, kama kazini. Hakukuta kosa. Shemeji naye akaisoma, akasema hapa hakuna mlango wala dirisha. Mke wangu hakusoma. Alinitazama mimi tu.

Nikaapa. Kwa moyo wangu wote. Nikatia sahihi, nikaikunja karatasi, nikaiweka mfuko wa shati upande wa moyo. Mizinga nimempa mfugaji nyuki wa kweli, kaihamishia mbali na kile kiwanja, huko kwenye alizeti. Usiku wa kuamkia leo sikulala nikifikiria lile benchi la hospitali. Kwa huyu mzee sitathubutu tena kucheza. Na mtu asiseme Miradi hajifunzi.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua siku tatu. Nilitoka asubuhi kukagua mfereji. Na nyuma ya bafu, kwenye lile gogo linalooza, nimekuta uyoga! Mwingi, mweupe, mnene, kila mmoja na kofia yake na pete shingoni. Mali imelala tu!

Kwanza nimefanya uchunguzi, sikurupuki siku hizi. Nimekaa nikimwangalia konokono dakika ishirini nzima. Ameula, akapumzika, akala tena, akaenda zake mzima wa afya. Konokono si mjinga. Kiumbe anayebeba nyumba mgongoni hawezi kula ovyo.

Pili nimetoa karatasi ya kiapo mfukoni nikaisoma neno kwa neno. Jani, ua, mbegu, mzizi, asali. Nimeisoma tena kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama anavyofanya mwenyewe. Uyoga haumo. Si jani. Si ua. Na kiapo changu nakiheshimu.

Mke wangu kesho anapeleka magauni kwa wateja, hatarudi mpaka jioni. Shemeji yuko dukani kwake anauza vidonge. Baba mkwe bado hana hamu ya kula, maskini, anahitaji kitu cha kumrudishia nguvu. Nitaukaanga kwa kitunguu. Sahani ya kwanza ni yake.